Hata kwa Mumeo Usiseme

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnakumbuka niliishia wapi. Nilikuwa nimesimama juu ya tangi, nimeshika kamba, naivuta, na upande wa pili hakuna anayejibu.

Kwa aliyechelewa nitaeleza kwa kifupi.

Nafanya kazi kiwanda cha gundi. Kazi yangu ni kujaza makopo, lakini wiki ile mwenzetu mmoja aliugua, nikahamishiwa kwenye matangi, kumshikia kamba mtu anayeingia kukwangua gundi iliyoganda chini. Aliyeingia siku ile ni Kinanda. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa haishiwi nyimbo puani. Kiwandani alikuwa mfanyakazi mwenzangu. Nyumbani alikuwa mume wa wifi yangu, dada wa tumbo moja wa mume wangu.

Nilitazama taa ya feni inayovuta hewa chafu. Ilikuwa inawaka. Nikamwambia, "Shemeji, ingia, feni inafanya kazi."

Aliingia anaimba. Wimbo ukakatika katikati.

Tulimtoa hana uhai. Gari la wagonjwa lilikuwa bado halijafika, na wakubwa walishapata jibu: moyo. Moyo umesimama, kazi ya Mungu, kila mtu arudi kwenye nafasi yake.

Sasa sikilizeni kilichofuata.

* * *

Siku tuliyorudi kazini baada ya maziko niliitwa ofisi ya utumishi.

Afisa utumishi wetu tunamwita Asali. Si kwamba ni mtamu. Ni kwamba ukitoka kwake unajikuta umenata. Ana sauti ya kubembelezea watoto. Akikufukuza kazi unamshukuru, unamtakia siku njema, unafika getini ndipo unashtuka.

"Karibu dada, kaa. Pole sana na msiba."

"Nimeshapoa, bosi."

"Maji?"

"Hapana, asante."

Akanimiminia hivyo hivyo. Kisha akasogeza karatasi mbele yangu, na kalamu juu yake, kifuniko kimeshatolewa.

"Hii ni kawaida tu. Mkataba wa kutunza siri. Kila kampuni inayojiheshimu inao. Wenzako wote wameshasaini."

Nikaanza kusoma.

"Usijichoshe, dada. Ni lugha za wanasheria hizo."

Nikaendelea kusoma. Mwanzoni hapakuwa na ubaya. Mchanganyiko wa gundi usitolewe nje, majina ya wateja yasitajwe, mashine zisipigwe picha. Hayo sikuwa na ugomvi nayo. Kisha nikafika chini. Mfanyakazi hatazungumzia tukio lolote lililotokea ndani ya kiwanda, kwa mtu yeyote, akiwemo mume au mke, ndugu, wakili, au ofisi yoyote ya serikali.

Nikarudia. Hata mume. Hata wakili.

"Bosi, naweza kwenda nayo nyumbani niisome kwa utulivu?"

"Karatasi hii haitoki humu ndani."

"Basi nije na mtu anayejua sheria anisomee hapa hapa."

"Mwanasheria wa kampuni yupo. Atakueleza vizuri kabisa."

"Huyo ni wa kampuni. Mimi nataka wangu."

Tabasamu lake halikuondoka, ila lilipoa, kama chai iliyosahauliwa mezani.

"Wako?" akasema taratibu. "Dada, mtu anayetafuta wakili wake ana jambo lake. Wewe una jambo gani?"

Nikasema sina jambo, naomba muda tu. Akanipa mpaka kesho yake jioni. Asiyesaini, akaniambia kwa sauti ile ile ya kubembeleza, kampuni haitaweza kumwamini tena karibu na mashine zake.

Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango aliponiita.

"Muulize mumeo. Yule ni mtu mwelewa. Atakushauri vizuri."

Nikaitikia, nikatoka. Nilikuwa nimesharudi kwenye makopo yangu ndipo neno likanigonga.

Mume wangu ni fundi umeme, anajitegemea, leo nyumba hii kesho duka lile. Kiwandani kwetu sikuwahi kumwona. Hata akinisindikiza asubuhi, huniachia kwenye kona.

Asali amemjulia wapi?

* * *

Mwenzangu wa makopo alinikuta chooni nanawa uso. Akafungua bomba mpaka mwisho, maji yakawa yanapiga kelele, ndipo akanisogelea sikioni.

"Kuna mama mmoja wakili. Ofisi yake iko ghorofani, juu ya duka la miwani. Mimi nimeshasaini, mdomo wangu si wangu tena. Wewe nenda. Na sijakuambia kitu."

Akafunga bomba, akatoka kama hanijui.

Baada ya kazi sikupanda gari la kurudi nyumbani. Nilikwenda kwa miguu, nageuka nyuma kila baada ya maduka mawili matatu. Mtu mwenye shati la kijani alisimama niliposimama. Kumbe alikuwa anasubiri mke wake atoke saluni.

Wakili alikuwa mama mtu mzima, mnene, amevua viatu chini ya meza. Mafaili yalikuwa kwenye viti vyote, akanihamishia rundo moja sakafuni ili nipate pa kukaa.

"Zima simu, funga mlango," akasema. "Humu ndani hata ukitaka kunitukania marehemu mama yangu, tukana. Halitoki."

"Mama, kabla sijasema, karatasi yenyewe imenikataza nisiseme na wakili."

Alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Kisha akaacha kucheka ghafla.

"Umesaini?"

"Bado."

"Hata kama ungesaini. Sikiliza, mwanangu. Siri za biashara zipo, na ni haki yao. Ukiuza mchanganyiko wa gundi yao kwa jirani, mimi mwenyewe nitakushangaa. Lakini kifo cha mtu si mapishi ya gundi. Na hakuna anayeweza kukuzuia kuuliza maana ya karatasi unayoambiwa usaini. Hilo neno wameliweka ili uogope kupanda ngazi zangu. Umepanda, limeshakufa."

Nikamwaga yote. Kamba, taa, wimbo uliokatika. Alisikiliza bila kunikatiza, macho hayabanduki usoni mwangu.

"Feni ilikuwa inazunguka?"

"Taa ilikuwa inawaka."

"Sikukuuliza taa."

Feni yenyewe imefichwa ndani ya bomba kubwa, huioni. Na kelele za kiwanda ni nyingi, huwezi kujua ipi ni ya nini. Sisi tunatazama taa.

"Sikuiona, mama. Hakuna anayeiona."

"Basi yupo anayeijua," akasema. "Kila mashine ina fundi aliyeigusa mara ya mwisho. Nitafutie huyo fundi. Tukimpata, hadithi ya moyo imekwisha."

Akaniambia nisisaini, na nisikatae kwa kelele pia. Nikiulizwa, niseme bado nasoma. Akaniambia pia nimlete mjane asubuhi, kwa sababu mwenye haki ya kudai ni yeye. Na mtu wa kiwandani asijue lolote.

"Na mume wangu?"

"Anafanya kazi pale?"

"Hapana."

"Basi mume ni wako. Hilo amua mwenyewe."

Nilishuka ngazi zile mwepesi kama niliyetuliwa gunia kichwani. Laiti ningejua.

* * *

Nilipitia kwa wifi. Nilimkuta uani, beseni mbele yake, anafua shati la kazi la marehemu. Gundi ilikuwa imegandia mkononi mwa shati, naye anaisugua kwa brashi ya viatu.

"Haitoki, wifi," akaniambia. "Tangu asubuhi nasugua, haitoki."

Nikachuchumaa pembeni yake, nikamwondolea brashi mkononi.

"Wifi, wewe ulikuwepo. Niambie mimi. Moyo kweli? Mtu aliyepandisha kabati lile ngazini peke yake, huku anaimba?"

Niliwaza karatasi ya Asali. Niliwaza wakili na viatu vyake chini ya meza. Nikapiga moyo konde.

"Sijui, wifi. Lakini nimempata mtu anayeweza kutusaidia kujua. Kesho asubuhi tukutane kwake, ghorofani juu ya duka la miwani."

Alinishika mikono kwa mikono yake yenye povu. Hakulia. Alikuwa ameshalia mpaka akakauka.

"Nitakwenda. Kaka naye aje. Kaka akiwepo sitaogopa."

Mjue kwamba wazazi wao walifariki wifi akiwa bado mdogo. Mume wangu ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemsuka nywele za kwendea shule, vibaya, mpaka wenzake wakamcheka. Ndiye aliyekaa na Kinanda siku ya posa na kumwambia, "Ukimliza huyu, utanijibu mimi."

"Nitamwambia," nikasema.

* * *

Jua lilikuwa bado halijazama nilipofika nyumbani. Mume wangu alikuwa sebuleni anatengeneza pasi ya jirani, nyaya zimetandazwa mezani. Watoto niliwaambia watoke wakacheze nje.

Sikuzunguka.

"Baba watoto, afisa utumishi wetu amekujulia wapi?"

Bisibisi ilisimama.

"Nani?"

"Asali. Ameniambia nikuulize wewe. Amesema wewe ni mtu mwelewa."

Akawa anatazama pasi ile kama ndiyo iliyomuuliza. Nimeishi na mtu huyu miaka mingi, namjua akiwa na njaa, namjua akiwa na homa, namjua akidanganya. Uso ule sikuujua.

"Waliniita," akasema hatimaye. "Kile kipindi sina kazi, umenuna hata kunisalimia hutaki. Wakaniambia kuna feni ya tangi imekufa. Nikaenda, nikaifungua. Mota ilikuwa imeungua, haifai."

Nikakaa.

"Nikawaambia inunuliwe mpya. Wakasema wataagiza. Ila wakaguzi wanakuja, na taa ya feni haiwaki, itaonekana vibaya. Wakaniomba niunganishe taa peke yake, iwake tu wakati mota inasubiriwa."

"Ukaunganisha."

"Niliwaambia mtu asiingie! Niliwaambia mara mbili, mtu asiingie mle mpaka mota ije. Wakasema sawa. Kisha wakanipa karatasi."

"Karatasi gani?"

Akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ya siri. Nisimwambie mtu. Hata wewe."

Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, ndiye niliyemwambia yule mtu aingie. Nilikuwa natazama taa ya mume wangu.

"Ulijua mimi niko pale!"

"Nilijua uko kwenye makopo! Sikujua wamekupeleka kwenye tangi. Sikujua shemeji... Mke wangu, nilipoambiwa amekufa, nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika. Wewe ulidhani ni uchungu wa msiba."

Kumbe wakati wote ule, kwenye turubai la msiba, akipokea watu, akibeba jeneza mbele kushoto, alikuwa anajua. Na dada yake alikuwa amemwegemea bega.

Nikamweleza kuhusu wakili. Nikamweleza kwamba asubuhi dada yake atakuwa pale, na kwamba anayetafutwa ni fundi.

Alifunika uso kwa viganja.

"Nitasema," akasema kutoka nyuma ya viganja. "Sitakimbia. Lakini asiambiwe na mtu mwingine. Nitakuja kesho mwenyewe, nimwambie mimi, ana kwa ana. Wewe usinitangulie. Niahidi."

Nikamwahidi.

* * *

Asubuhi alitoka kabla yangu. Alisema anakwenda kurudisha ile pasi na kuwaaga watu wa kazi aliyokuwa ameianza, kisha atanikuta kwa wakili. Alivaa shati lake la kanisani. Nilimfunga kifungo cha juu.

Nilipanda ngazi za wakili nikiwa nimepanga maneno. Nitaomba tumsubiri mume wangu. Nitasema ana jambo. Basi.

Wifi alikuwa ameshafika kabla yangu. Hakuwa amekaa. Aliponiona alinirukia, akanikumbatia kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo.

"Wifi, amepatikana!"

"Nani?"

"Aliyemuua mume wangu!"

Nilihisi ukuta unanisogelea.

"Taratibu, mama," wakili akasema. Alikuwa amevaa viatu leo. "Mjane amenipa idhini, nikapiga simu kiwandani kuomba taarifa ya ajali. Juzi ilikuwa moyo. Leo si moyo tena. Wanasema kuna fundi wa nje aliyechezea nyaya za feni bila ruhusa yao. Wameshapeleka malalamiko polisi."

"Bila ruhusa?" nikasema. "Wao ndio..."

Nikajikatiza. Wakili akainua kichwa.

"Wao ndio nini?"

Asali hakuwa mjinga. Niliposema nataka wakili wangu, alijua moyo hautatosha. Akatafuta wa kumtupa nje. Na aliyekuwa rahisi zaidi kutupwa alikuwa mume wangu, mwenye karatasi iliyomfunga mdomo asijitetee.

"Mama," nikasema, "naomba tuzungumze wawili tu."

"Wawili?" Wifi aliniachia. "Kuna la kunificha mimi?"

Wakili alinitazama, akamtazama, akanitazama tena. Mawakili wana pua.

"Mama, utusubiri nje kidogo tu."

"Sitoki. Aliyekufa ni mume wangu. Kama kuna neno, lisemwe mbele yangu."

Wakili akanielekezea kidole.

"Basi wewe usiseme. Umenisikia? Unaloniambia mimi peke yangu naweza kukulindia. Ukilisema mbele ya mwingine, siwezi kulirudisha."

Kiwanda kilinikataza nisiseme na wakili. Sasa wakili ananikataza nisiseme na wifi. Na mume wangu nimemwahidi. Mdomo wangu ulikuwa na walinzi watatu, na wifi amesimama mbele yake anasubiri.

Alinishika tena mikono. Sauti yake ikashuka.

"Mimi sitampiga, wifi. Sitamtukana hata. Nataka nimwone uso tu. Nataka kumuuliza, wakati anazifunga zile nyaya, alidhani nani ataingia mle? Hakujua kwamba anayeingia ana mke?"

Machozi yakanitoka. Akanifuta yeye, kwa kiganja, akidhani nalia pamoja naye.

Simu yangu ikalia.

Ilikuwa mezani, kioo juu. Jina lilionekana na kila mtu: Baba Watoto.

"Kaka huyo!" Uso wa wifi ukafunguka. "Hajui bado! Lete nimwambie mimi!"

"Wifi, ngoja..."

Alishaichukua. Alishaiweka sikioni.

"Kaka! Kaka, amepatikana! Polisi wana..."

Akakatizwa.

Alisikiliza. Nilisikia sauti upande wa pili, ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyezoea kuuliza maswali. Haikuwa sauti ya mume wangu.

"Mimi ni dada yake," wifi akasema. "Ndiyo, mwenye simu hii ni kaka yangu."

Wakili akasimama.

"Kazi yake?" wifi akasema. Bado alikuwa anatabasamu, tabasamu limebaki usoni kama mgeni ambaye hajaambiwa aondoke. "Ni fundi. Fundi umeme."

Kisha akalirudia neno lile, polepole, kwa sauti ndogo.

"Fundi."

Na akanigeukia mimi.